Kibarua cha Fomu na Tableti: Wanafunzi wa Machakos na Hesabu za Siasa Zetu

Kiti cha ugavana wa Machakos kilizunguka katika mahakama tatu baada ya uchaguzi wa Agosti 2017. Wavinya Ndeti alipinga ushindi wa Alfred Mutua. Mahakama Kuu ikaukubali ushindi huo, Mahakama ya Rufaa ikaufuta Juni 2018, na mnamo Desemba 21, 2018 Mahakama ya Juu ikaurejesha. Katikati ya mvutano huo palikuwa na karatasi: Fomu 37C, inayojumlisha kura za ugavana za kaunti nzima. Majaji wa Rufaa walisema fomu iliyotumiwa kutangaza matokeo haikuwa ile iliyowekwa na kanuni. Wenzao wa Mahakama ya Juu wakaamua kwamba dosari hiyo haikubadilisha chaguo la wapigakura. Kaunti yenye watu zaidi ya milioni 1.4 ilikaa zaidi ya mwaka mzima ikisubiri wanasheria waafikiane juu ya fomu.

Nimeanza na kesi hiyo kwa sababu inaonyesha siasa ya Kenya inakokaa baada ya vipaza sauti kuzimwa na mabango kung'olewa. Inakaa kwenye fomu, kwenye Hansadi za Bunge, kwenye daftari za wapigakura, na kwenye majibu ya mama aliyeulizwa maswali huku akipeta ndengu uani kwake. Vyote hivyo vinahitaji mtu wa kuvikusanya, kuvisoma, kuvinakili na kuvihesabu. Mara nyingi mtu huyo ni mwanafunzi wa chuo anayetafuta nauli, bando na pesa za chakula.

Kazi hiyo haina jina kubwa. Wengine huiita kibarua cha data, wengine huaga tu wenzao hosteli kwa kusema wanaenda nyanjani. Naamini ni mojawapo ya kazi muhimu zaidi anazoweza kufanya kijana kabla hajahitimu, na kwamba namna tunavyoifanya na kuilipa ni jambo la taifa.

Kazi ya saa za ziada

Mji wa Machakos haukosi vijana wa kuifanya. Chuo Kikuu cha Machakos, kilichokuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kenyatta, kilipata hati yake ya kujitegemea mwaka 2016. Scott Christian University ilikuwa na hati tangu 1997. Nairobi iko umbali wa takriban kilomita 60, na huko ndiko zilikojaa kampuni za kura za maoni kama Infotrak, TIFA na Ipsos, pamoja na Taasisi ya Masomo ya Maendeleo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ambayo imekuwa ikiendesha utafiti wa Afrobarometer nchini. Wakuu wa utafiti hukaa Nairobi, lakini wanahitaji mtu anayezungumza Kikamba, anayejua gari la kwenda Masii hupandiwa wapi, na asiyeogopa jua la Kithyoko.

Vibarua hivyo ni vya aina kadhaa. Kuna kuhoji watu nyumba kwa nyumba kwa kutumia tableti au simu. Kuna kusikiliza rekodi za mahojiano, kuzinukuu neno kwa neno, kisha kuzitafsiri kutoka Kikamba hadi Kiswahili au Kiingereza. Kuna kusoma Hansadi na magazeti ya miaka iliyopita na kujaza jedwali: nani alisema nini, lini, kuhusu mswada gani. Na wakati wa uchaguzi kuna kunakili takwimu kutoka kwenye fomu za vituo vya kupigia kura.

Zote zina sifa moja inayomfaa mwanafunzi: hazidai akae ofisini kuanzia asubuhi hadi jioni. Kunukuu rekodi hufanywa usiku wenzake wakilala. Hansadi husomwa Jumamosi. Safari za nyanjani huangukia likizo au wikendi ndefu. Mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, unapochelewa na mwenye nyumba anabisha mlango, kibarua cha siku chache humwezesha kijana kubaki chuoni. Ubaya wake ni kwamba hakitabiriki. Huja na kwenda kama mvua ya Ukambani: miezi ya kampeni kazi hazimaliziki, kisha hupita msimu mzima bila simu hata moja kutoka kwa msimamizi.

Watu 72 wanaosimama badala ya kaunti

Ili kuelewa uzito wa kazi hii, tufanye hesabu. Afrobarometer, mradi ulioanza 1999 na kuingia Kenya 2003, huhoji Wakenya wazima wapatao 2,400 katika duru moja. Idadi hiyo hutoa matokeo yenye kipimo cha makosa cha asilimia 2 juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 47,564,296, na kati yao 1,421,932 walikuwa Machakos. Hiyo ni takriban asilimia 3. Sampuli ikigawanywa kwa uwiano huo, Machakos hupata watu kama 72. Na kwa kuwa kila eneo linaloteuliwa hupewa mahojiano manane, kaunti yote, kuanzia magorofa ya Syokimau hadi vijiji vya kando ya bwawa la Masinga, huwakilishwa na maeneo tisa tu.

Kila mhojiwa basi husimama badala ya watu karibu 20,000. Kijana akikaa chini ya mwembe na kubuni majibu ya eneo moja, atakuwa amepotosha sehemu moja kati ya tisa za sauti ya Machakos. Hakuna mwanasiasa awezaye kuiba kiasi hicho kwa urahisi namna hiyo.

Ndiyo maana kanuni za nyanjani ni kali. Mhoji hachagui nyumba kwa kuipenda. Huanzia mahali alipopangiwa, akahesabu milango kwa utaratibu aliopewa, na mlango unaoangukiwa na hesabu ndio huo, uwe wa mabati au wa lango la umeme. Ndani ya nyumba hahoji yeyote aliyefungua mlango. Watu wazima wa nyumba hiyo huorodheshwa na mmoja huteuliwa kwa bahati nasibu. Aliyeteuliwa akiwa sokoni Tala, mhoji hurudi baadaye. Mahojiano ya mwanamume hufuatwa na ya mwanamke, ili sauti za akina mama zisimezwe na za waume wenye mazoea ya kujibu kwa niaba ya familia nzima.

Kaunti hii humtesa mhoji kwa njia mbili tofauti. Huko Mavoko, katika mitaa ya Mlolongo, Syokimau na Athi River, tatizo ni lango: bawabu hamruhusu kuingia, na aliyeteuliwa hurudi kutoka Nairobi usiku. Huko Yatta na Masinga, tatizo ni umbali. Boma moja liko huku, jingine ng'ambo ya kijito kilichokauka, na boda boda husimama barabara inapoishia. Katika visa vyote viwili, kishawishi ni kuiruka nyumba ngumu na kwenda ile rahisi. Anayekubali kishawishi hicho hutuletea Kenya ya watu wanaopatikana nyumbani saa nne asubuhi, na hiyo si Kenya nzima.

"Umetumwa na nani?"

Kabla ya kufika mlangoni kuna barua. Utafiti wa kitaaluma nchini huhitaji leseni ya NACOSTI, tume iliyoundwa chini ya sheria ya 2013 ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi. Nakala huenda kwa kamishna wa kaunti, kisha chifu huarifiwa, naye mzee wa mtaa huambiwa kwamba kuna vijana watapita. Anayepuuza hatua hizi hujikuta akieleza habari zake kituo cha polisi, hasa mwaka wa uchaguzi.

Hata baada ya barua zote, swali la mlangoni ni lilelile: "Kijana wangu, umetumwa na nani?" Na jibu linalofaa ni fupi na la heshima: "Mama, mimi ni mwanafunzi. Sikutumwa na chama wala na serikali. Jina lako siliandiki, na swali usilotaka kulijibu tutaliruka."

Swali hilo la mama lina uzito wa kisayansi. Dodoso la Afrobarometer humaliza kwa kumuuliza mhojiwa anadhani ni nani aliyewatuma wahoji. Watafiti hufanya hivyo kwa sababu anayeamini kwamba ameulizwa na serikali anaweza kuisifu kwa hofu, na anayeamini kwamba ameulizwa na chama anaweza kutarajia kitu mkononi. Katika nchi ambamo watu wengi wamezoea kumwona mgeni wa siasa akija na noti au fulana, kijana anayekuja na maswali pekee ana kazi ya ziada ya kuaminika.

Na Wakenya wana sababu ya kushuku. Juni 2021 watu wengi walipoingia kwenye mtandao wa serikali waligundua kwamba wameandikishwa kuwa wanachama wa vyama vya siasa wasivyovijua. Majina na nambari zao za vitambulisho zilikuwa zimechukuliwa mahali fulani bila idhini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka kila anayekusanya habari za mtu aeleze anazitaka kwa nini na azilinde. Mwanafunzi mwenye orodha ya nambari za simu kwenye tableti yake anapaswa kujua kwamba ameshika amana. Kumpa orodha hiyo rafiki anayefanyia mgombea kampeni ni kosa, na ni usaliti wa mama aliyemkaribisha kwenye kigoda.

Wanaosoma yasiyosomwa

Upo utafiti wa siasa usiohitaji kutoka hosteli. Mwaka 2005 Ory Okolloh na Conrad Akunga walianzisha Mzalendo, mradi wa kufuatilia wabunge wa Kenya: nani anazungumza bungeni, nani hukaa kimya, nani alileta hoja gani. Walianza kwa kujitolea, na malighafi yao haikuwa siri yoyote. Ilikuwa Hansadi, kumbukumbu rasmi ambayo Bunge lenyewe huichapisha. Walichoongeza wao ni subira ya kuisoma. Leo Mzalendo ni taasisi kamili inayotoa ripoti za utendaji wa wabunge, na wabunge wenyewe huzisubiri kwa hamu au kwa hasira.

Thamani ya kazi ya namna hiyo ilionekana Juni 20, 2024. Mswada wa Fedha ulipopigiwa kura hatua ya pili, wabunge 204 waliuunga mkono na 115 wakaupinga. Orodha ya majina na kura zao ilizunguka kwenye simu za vijana kote nchini. Wengine walikuwa tayari wameufupisha mswada wenyewe, kifungu kwa kifungu, na kuueleza kwa lugha za nyumbani. Maelfu walioingia barabarani siku zilizofuata walijua wanapinga kodi gani na ni mbunge gani aliyeikubali. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wengi wao kuona jedwali la kura likiwa na nguvu kuliko hotuba.

Hapa Machakos kuna shamba ambalo halijalimwa vya kutosha: bunge la kaunti. Wadi 40 za kaunti hii zina wawakilishi wanaopitisha bajeti ya mabilioni ya shilingi, mjini hapahapa, karibu na hosteli za wanafunzi. Kifungu cha 196 cha Katiba kinataka vikao vyao viwe wazi kwa umma. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 inayotekeleza haki hiyo inaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu ombi. Mwanafunzi wa sayansi ya siasa anayelalamika kwamba hana mada ya tasnifu na aende akasome mijadala ya miaka mitano kuhusu maji ya Yatta au ardhi ya Mavoko. Atapata kazi ya kutosha.

Mfano mkubwa zaidi ni uchaguzi wa Agosti 9, 2022. Tume ya uchaguzi, IEBC, iliweka mtandaoni picha za Fomu 34A kutoka vituo zaidi ya 46,000, na yeyote mwenye intaneti akaweza kuzipakua na kujumlisha kura za urais mwenyewe. Vyombo vya habari viliweka timu za watu kunakili takwimu hizo kwa mkono, fomu moja baada ya nyingine. Kwa siku kadhaa runinga zilipishana kwa sababu kila timu ilianza na fomu za sehemu tofauti, na wananchi wakapata wasiwasi. Lakini fomu zilikuwepo, na kila mbishi aliweza kuziendea. Zoezi hilo lilijengwa juu ya uamuzi wa 2017 katika kesi iliyoletwa na Maina Kiai na wenzake, ambapo Mahakama ya Rufaa ilisema matokeo yanayotangazwa eneobunge ni ya mwisho na hayawezi kubadilishwa Nairobi. Kanuni ya kisheria bila watu wa kusoma fomu ingebaki maneno matupu.

Njia ya mwongo ni fupi

Kila aliyefanya kazi hii anajua majibu yanavyopikwa. Mhoji huchoka, giza huingia, yamebaki madodoso mawili, naye huketi kwenye kibanda cha chai na kujibu mwenyewe. Siku hizi ni vigumu kuficha. Tableti huandika mahali ilipokuwa na dakika zilizotumika. Mahojiano ya nusu saa yaliyokamilika kwa dakika sita hujitaja yenyewe. Wasimamizi huwapigia simu baadhi ya wahojiwa kuthibitisha. Tarakimu zenyewe hutoa ushahidi, kwa sababu mtu anayebuni hurudia mtindo mmoja bila kujua.

Hata hivyo, ulinzi wa tableti hautoshi. Kampuni inayompa kijana nyumba nyingi kuliko saa za siku, bila nauli ya kutosha, inamwandalia uongo. Na mteja anayetaka matokeo yanayompendeza humwandalia mtafiti mkuu uongo mkubwa zaidi. Ndiyo sababu sheria ya 2012 ya uchapishaji wa kura za maoni za uchaguzi inataka anayechapisha amtaje mfadhili, idadi ya waliohojiwa na kipimo cha makosa, na inakataza kuchapisha katika siku tano kabla ya kupiga kura. Msomaji anayekutana na asilimia za mgombea kwenye simu yake na asione mambo hayo matatu, azipuuze.

Mwanafunzi atakutana pia na kibarua kingine kinachovaa nguo za utafiti. Mwaka 2021 watafiti Odanga Madung na Brian Obilo, kupitia wakfu wa Mozilla, walieleza jinsi Wakenya vijana walivyolipwa kusukuma heshitegi za kuwachafua majaji na wanaharakati. Kazi hiyo nayo hufanywa kwa saa za kijana mwenyewe, akiwa kitandani na simu yake. Tofauti iko kwenye mwelekeo: mtafiti hutumwa kwenda kuuliza, naye hajui jibu litakalokuja, ilhali anayelipwa kusukuma uongo hupewa jibu kabla hajauliza mtu yeyote. Kijana anayeweza kuishika tofauti hiyo kichwani amejifunza jambo ambalo darasa peke yake lisingempa.

Haki ya anayehesabu

Tunadai uaminifu kwa vijana hawa. Basi na wao wana madai yao. Sheria ya Ajira ya 2007 inalazimisha mkataba wa maandishi kwa kazi ya miezi mitatu au zaidi. Vibarua vya utafiti huwa vya siku chache au wiki mbili, kwa hiyo hupita chini ya ulinzi huo. Mwanafunzi huajiriwa kwa ujumbe wa WhatsApp, hutumia nauli yake mwenyewe, kisha hungoja malipo ya M-Pesa wiki baada ya wiki huku msimamizi akisema mfadhili hajatuma. Mimi mwenyewe nikiwa chuoni nilinukuu rekodi kwa ajili ya mradi mmoja, na malipo yangu yalifika muhula uliofuata. Nilibahatika, kwani wenzangu wawili hawakulipwa kabisa.

Mambo yanayostahili ni machache na yanawezekana. Makubaliano yaandikwe hata kwa kazi ya siku mbili: malipo kiasi gani, lini, kwa kila nyumba au kwa siku. Nauli na bando vitolewe kabla ya safari. Wasichana wasitumwe peke yao kwenye maboma ya mbali, na saa za jioni zifahamike kuwa mwisho wa kazi. Kila mhoji awe na barua, kitambulisho cha mradi na nambari ya mtu wa kupiga akizuiliwa. Vyuo navyo viweke orodha ya miradi inayowalipa wanafunzi kwa wakati na ile inayowadhulumu, na kuwafunza wanafunzi maadili ya utafiti kabla hawajaenda nyanjani.

Wahojiwa nao wana haki moja inayosahaulika karibu kila mara: kuambiwa matokeo. Mkulima wa Mwala huulizwa kuhusu bei ya mbolea, ufisadi na imani yake kwa IEBC, kisha hasikii tena neno. Matokeo huzinduliwa katika hoteli ya Nairobi, kwa Kiingereza. Mradi wowote unaopita Machakos uweke fungu dogo la kumrudisha mwanafunzi yuleyule kwenye baraza la chifu, asimame mbele ya watu na kuwaeleza kwa lugha yao walichosema. Watu wakiona majibu yao yamekuwa kitu, mlango utafunguka kwa urahisi mara nyingine.

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027. Kabla ya siku hiyo maelfu ya nyumba katika maeneobunge manane ya kaunti hii yatabishwa hodi, na baada ya siku hiyo maelfu ya fomu yatahitaji kusomwa. Mzazi, usimzuie mwanao kufanya kazi hiyo. Mwajiri, mlipe kwa wakati. Nawe mwanafunzi utakayepewa tableti, ingia nyumba iliyokuangukia, uliza swali kama lilivyoandikwa, na uandike jibu kama lilivyotamkwa.